Firigisi ya Mwenye Nyumba

Harufu ya vitunguu vilivyokaangwa kwa siagi ndiyo iliyotangulia kuingia, kisha baba. Ilikuwa imeganda kwenye koti lake, nasi watoto tuligombania kulitundika kila Jumapili aliyopewa ruhusa ya kuja kwetu mtaani Jericho. Baba alikuwa mpishi katika makao ya mkuu wa serikali, ambaye nyumbani tulimwita Mkubwa tu, tena kwa sauti ya chini, maana kuta nazo zina masikio. Ukubwa wa sufuria zake alituhadithia hadi tukachoka, lakini nani alikula na nani, hilo hakulitamka kamwe. Mama alitembea sokoni kama mke wa waziri. Wenzangu ndio hawakuamini. "Buda yako anapikia Mkubwa? Wacha hizo!" walinicheka, nami nilikasirika mpaka machozi yakanitoka.

Kwetu magharibi, firigisi ya kuku haifanyiwi mzaha. Ni ya mwenye nyumba, na baba yake akiwapo mezani, ni ya baba yake. Mimi, msichana, sikuwahi kuionja. Mkubwa alitoka upande wetu, na kila kuku alipochinjwa, baba alimwekea firigisi yake juu ya sahani. Nilikuwa darasa la tano, msimu wa mvua, baba yake Mkubwa alipoletwa mjini kutoka kijijini. Wageni wakaalikwa, meza ikaandaliwa. Baba akafanya alivyolelewa: firigisi akampa yule mzee.

Alirudi Jumatano mchana, siku isiyo yake, amelowa, mfuko wa nguo mkononi. "Wamenifuta," alimwambia mama. Mkubwa alikuwa ameitazama sahani yake mbele ya wageni, akakosa alichozoea. Asubuhi yake msimamizi wa jikoni ndiye aliyemwambia baba: "Fahali wawili hawakai zizi moja, Mzee. Umewaonyesha wageni kwamba hapa kuna mkubwa mwingine."

"Si ungeomba msamaha, Baba Nekesa?" mama aliuliza.

"Niombe msamaha kwa kumheshimu mzazi?"

Kisha akajifunika uso kwa lile koti akalia, na mimi, Nekesa mwenyewe, nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa radi. Heshima si utumwa, walisema wahenga. Nadhani hawakuwahi kuipikia serikali. Baba alipata vibarua viwandani, na kabla ya mvua kwisha koti lilikuwa linanuka grisi.

Leo naishi naye Tassia. Hapa firigisi huuzwa kwa kilo, zimegandishwa, na binti zangu huzila wakitazama runinga bila kujua ni za nani. Baba amezeeka, na siku nyingine hanikumbuki jina. Nikipika kuku, firigisi humtengea yeye, kwa sababu sasa ndiye mwenye nyumba. Haigusi. Huitazama, huinuka kitini kwa shida, na kuniuliza kwa upole, "Mkubwa amepata?"

"Ameshapata, baba. Hii ni yako."

Hunisogezea sahani. "Mpelekee na hii," huniambia. "Asije akakasirika."

Nami huibeba hadi jikoni, maana sina kwingine kwa kuipeleka.