Nilikombolewa kwa Beberu

Enzi zetu, ukikwama kwenye Biblia ulikuwa unatembea. Narudia kwa faida ya hawa waliozaliwa na simu mkononi: ulikuwa unatembea kwa miguu. Pale Kibakwe nilikozaliwa, vitabu vya kufafanulia Maandiko vilikuwa viwili tu, na vyote vilikaa nyumbani kwa mchungaji, ndani ya sanduku la bati juu ya kabati, mbali na mchwa na mbali na sisi. Kimoja kilikuwa kamusi ya Biblia, kinene, chenye ramani na picha za mavazi ya makuhani. Cha pili kiliitwa itifaki: unatafuta neno, kinakuonyesha kila mahali lilipoandikwa. Huazimishwi. Unanawa mikono, unaifuta kwa kanga ya mama mchungaji, unakaa kwenye mkeka, unasoma kwa sauti. Na mchungaji wetu, mzee mmoja mkavu hivi, hakuwa na tabia ya kumpa mtu jibu. Ukimuuliza anakuuliza, "Umesoma juu yake? Umesoma chini yake? Kasome kwanza."

Leo mtu anaokota mstari mmoja, anaubandika juu ya picha ya machweo, anaurusha kwenye kundi la ukoo alfajiri watu hawajapiga hata mswaki. Juu yake hajui kuna nini. Chini yake hajui. Amina zinamiminika, na wa kwanza kuandika amina ndiye ambaye hajausoma kabisa.

Sisi tulizipenda zile ramani. Tulikuwa tunacheza rede mpaka magoti yanageuka mekundu kwa vumbi, tunashiba ugali wa uwele na mlenda, na Jumamosi mimi na kaka yangu Daudi tunamfuata Baba kwa mchungaji ili tu tuuone mto Yordani. Daudi alishikilia kwamba unapita nyuma ya milima yetu, na kwamba amewahi kunywesha mbuzi huko. Mama mchungaji alitupa karanga ili tunyamaze.

Sasa Baba. Baba yangu alikuwa mtu wa kusikia nusu. Kanisani alikaa karibu na mlango, na ng'ombe akilia tu, ametoka. Mwaka mmoja mvua zilichelewa, uwele ukanyauka ukiwa haujafika magotini, na mwinjilisti wetu akahubiri habari za Yeftha, yule aliyemwahidi Mungu kwamba akishinda vita atamtolea chochote kitakachotangulia kutoka nyumbani kwake kumlaki. Baba aliipenda sana hiyo. Ng'ombe akalia, akatoka. Mwisho wake hakuusikia.

Jumapili iliyofuata akasimama mbele ya kanisa zima akaweka nadhiri: mvua ikinyesha, kitakachotangulia kutoka mlangoni pake asubuhi yake ni cha Bwana. Wala msimwone mjinga. Nyumba yetu ilikuwa tembe, watu na mifugo tunatumia lango moja, na kila siku mbuzi ndio waliotangulia kutoka. Tena alikuwepo beberu mmoja mkorofi, bingwa wa kupiga wageni pembe, na nadhani moyoni Baba alikuwa ameshamtoa siku nyingi. Ila alisahau jambo ambalo mtu wa nchi yetu kavu hapaswi kulisahau. Mvua ikija baada ya kusubiriwa vile, mbuzi hatoki, maana mbuzi anachukia maji. Anayetoka ni mtoto.

Nilitoka mimi. Nilitoka mbio, mdomo wazi, kuonja matone, nikamkuta Baba amesimama nje analowa, anamsubiri beberu wake. Sijawahi kuona mtu anaichukia mvua kama yeye asubuhi ile.

Mwinjilisti alifika kabla matope hayajakauka. Akasema nadhiri ni nadhiri, na kwa kuwa siku hizi hatuchinji watu, mtoto atatolewa kwa Bwana kwa njia ya utumishi: niache shule, nihamie kwake, nichote maji, nilee watoto wake. Bwana alikuwa na mahitaji yanayofanana sana na ya mke wa mwinjilisti. Kisha akafungua Biblia akamsomea Baba ule mwisho wa Yeftha, kwamba aliyetoka kumlaki alikuwa binti yake wa pekee. Baba akakaa chini palepale kwenye matope. Mimi niliipenda shule kuliko chakula. Nililia mpaka kwikwi.

Mama hakulia. Alifunika chungu, akasema, "Baba Daudi, mdomo ulioweka nadhiri hiyo ndio utakaoiondoa. Mpaka hapo jiko langu limefungwa."

Basi Baba akanishika mkono tukaenda kwa mchungaji, akitaka aambiwe cha kufanya. Mchungaji alishusha sanduku. "Nawa mikono," akasema. Mwanaume mzima, mwenye ng'ombe zake, akakaa kwenye mkeka akilifuata neno nadhiri kila lilipotajwa kwenye itifaki, anasoma juu yake na chini yake, na akiruka mstari mchungaji anakohoa. Kamusi ikamwambia wajuzi wenyewe wanabishana kuhusu yaliyompata binti Yeftha. Akaendelea. Akafika mwisho wa Walawi, kule ambako hakuna mtu anayefika kwa hiari yake, akakuta kwamba mtu aliyewekewa nadhiri anaweza kukombolewa, na mweka nadhiri akiwa maskini, kuhani amkadirie kulingana na uwezo wake. Akasoma tena. Kisha baba yangu, ambaye hakulia hata kwenye msiba wa mama yake, akajifunika uso kwa mikono yake safi.

Mchungaji akakadiria beberu. Yule yule.

Beberu akaliwa kanisani, mwinjilisti akapewa shingo, mimi nikarudi shule. Tatizo ni kwamba Daudi naye aliisoma sura hiyo akagundua kuwa katika makadirio hayo msichana wa umri wangu ni nusu ya mvulana. Mpaka leo, na mvi zake, ananiita Nusu. Namjibu kwamba hiyo nusu ilifundisha mpaka ikastaafu, wakati yeye mzima mzima alikimbia hesabu.

Sasa njooni mjini, Makole ninakoishi, mwone tulivyoendelea. Lameki, mtoto wa Daudi, anafanya kazi wizarani kule Mtumba. Simu yake ina itifaki, ina kamusi, ina ramani zinazojizungusha zenyewe, na hanawi mikono. Juzijuzi kwenye maombi ya nabii wake akasimama akaweka nadhiri: akipandishwa cheo, nyumba ni ya huduma. Nyumba yenyewe ndiyo anayoishi na mkewe na binti yao mdogo, Neema. Cheo amepanda. Nabii ameshatuma watu kupima madirisha kwa ajili ya mapazia.

Nikamwita, nikamsimulia haya yote, nikamwambia afungue mwisho wa Walawi. Akafungua, kidole kikapandisha, kikapandisha.

"Shangazi, nimekuelewa," akasema. "Ila hii sura ni ndefu. Hakuna mahali wameifupisha? Halafu nabii alishatupa mstari."

Nikamuuliza juu ya huo mstari pameandikwa nini. Akacheka kwa adabu, kile kicheko wanachotupa sisi wazee, akasema nisijali, Mungu wetu ni mwaminifu. Mkewe alikuwa jikoni, anasikia. Sikumsikia akicheka.

Jana nimekwenda kwake kumjaribu tena. Kabla sijapiga hodi geti likafunguka, na aliyetangulia kutoka, mbio, mikono juu, kunilaki, ni Neema. Nikamkumbatia kuliko alivyozoea, mpaka akaniuliza, "Bibi, unaumwa?" Nikamwambia hapana, nikamuuliza baba yake yuko wapi.

"Yupo ndani, anasoma Biblia kwenye simu."

Moyo wangu ukaruka kwa furaha. Nikavua viatu, nikaingia polepole nisimkatishe. Lameki alikuwa anachagua machweo ya kuweka nyuma ya mstari.