Neno Lililotajwa Mara Tatu

Miaka ile kiwanda kilipokuwa kikizima tanuru zake moja baada ya nyingine, posta ya Likasi ilibaki jengo la kujikinga mvua tu, na nyaya za simu ziliuzwa kwa kilo. Mji mzima ulizungumza kwa phonie, redio ya kutuma na kupokea sauti iliyokula betri ya lori. Phonie ya karibu na soko ilikuwa mikononi mwa Clotilde, binti wa fundi wa kiwanda, ambaye masista walimfundisha kupiga taipu na baadaye akakosa ofisi ya kumwajiri. Alikuwa na sauti safi, na alijua hivyo. Kusema kweli, alijua kupita kiasi.

Sifa yake ilikuwa kwamba ujumbe haukupotea mikononi mwake. Redio ilikoroma na kukatika, basi kila jina alilitaja mara tatu, kisha akalitaja herufi kwa herufi kwa mtindo ulioachwa na Wabelgiji, N comme Nicolas, yaani N ya Nicolas, G comme Gaston, mpaka wa upande wa pili aseme bien reçu, nimepata sawasawa. Waliokuwa wakingoja zamu walikaa kwenye benchi, magoti yakigusa meza yake. Walimsikiliza na kumsifu, naye alizidi kupaza sauti.

Asubuhi moja ya mwaka 1994 aliingia Rosalie, mjane aliyekuwa akiishi kwa kushona. Kaka yake wa Lubumbashi alikuwa amempatia cherehani, nayo ingekuja kwa lori mpaka depo ya mfanyabiashara mmoja pale mjini. Vitambulisho vya siku hizo vilinunulika kama nyanya, kwa hiyo mtunza depo, Barthélemy, alitoa mzigo kwa aliyetaja neno la siri peke yake. Kaka angeliweka neno hilo katika barua iliyofungwa kwa gundi, ije pamoja na mzigo. Rosalie alichagua jina la bibi yake wa Kapolowe, akainama na kumnong'oneza Clotilde sikioni.

Na Clotilde alifanya nini? Alishika kipaza sauti na kuita Lubumbashi. "Neno ni Ngosa. Narudia, Ngosa. Ngosa. N comme Nicolas, G comme Gaston, O comme Oscar, S comme Suzanne, A comme Anatole." Watu wanane walikuwa kwenye benchi. Mmoja, bwana wa shati jeupe mwenye mfuko wa Biblia, aliinuka na kuondoka bila kutuma ujumbe wowote. Rosalie alikunja uso kidogo, lakini nani angemfundisha kazi mama wa phonie?

Lori lilifika siku ya tatu. Rosalie alikwenda depo saa sita mchana na ufito wa kubebea, yeye na jirani, akakuta cherehani imekwisha kutolewa tangu saa mbili. Bwana mmoja wa shati jeupe alikuja, akataja neno, akapewa.

Mwenye depo aliwaita wote mbele ya mlango. Kwake yeye jambo lilikuwa wazi: barua ilifunguliwa na Barthélemy, basi mwizi alitumwa na Barthélemy. Clotilde naye aliitwa kutoa ushahidi. Barthélemy hakupiga kelele. Alimgeukia tu, akamwuliza kwa upole, "Mama Clotilde, kwa phonie hakuna muntu ingine alisikia ile neno?"

Benchi zima lilimjia Clotilde machoni, na magoti yale, na mfuko wa Biblia. Aliiona pia phonie yake ikiwa imefungwa, na wateja wakihamia phonie nyingine. Akasema, "Hapana. Phonie yangu iko secret." Barthélemy akakabidhi funguo za depo. Wiki haikuisha kabla hajakwenda Kakanda kuchimba mawe kwa mikono, na Rosalie akarudi kwenye sindano na uzi.

Aibu ilimkalia Clotilde kifuani. Alimpelekea Rosalie unga, akidanganya kwamba umezidi nyumbani. Alikwenda kuungama kwa padri, akataja hasira na uvivu, akameza lile lenyewe. Kazini, hata hivyo, alibadilika. Benchi alilitoa nje. Neno la siri liliandikwa kwenye karatasi, likagawanywa vipande viwili: nusu ilipita kwa phonie, nusu ilibebwa na dereva, na kipande kilichosomwa kwenye phonie kilichomwa mbele ya mteja. Aliyekuja akidai haraka kwa sababu ya msiba aliulizwa kwanza jina la marehemu, asije akawa mwongo. Wafanyabiashara walianza kusema kwamba kwa Clotilde hakuna anayeibiwa, na kila sifa ilimchoma kama pilipili jichoni.

Mwaka 1997 Barthélemy alirudi. Mikono yake ilikuwa imepasuka na nywele zilikuwa zimeingia mvi. Alitaka kumtumia dada yake neno la mzigo, akaandika nusu zote mbili huku amefunika karatasi kwa kiganja ili Clotilde asione nusu ya pili. Kumbe ndivyo Clotilde mwenyewe alivyokuwa akiwafundisha wateja. Alitazama kile kiganja na uvumilivu ukamwishia.

"Baba Barthélemy, ile neno ya Ngosa ni minye mwenyewe niliitosha inje. Niliisema mara tatu mbele ya batu."

"Ninajua," alisema Barthélemy. "Ule muntu alipofika ku depo alisema Ngosa, kiisha akaanza N comme Nicolas mpaka ku Anatole, na sauti yako kabisa. Njo maana nilikuuliza."

Clotilde alimwuliza kwa nini hakusema mbele ya watu. Barthélemy alijibu kwamba hakuna ambaye angemsadiki mtunza depo dhidi ya mama wa phonie, halafu alikuwa na hakika kwamba Clotilde angesema mwenyewe. Alingoja siku ile, alingoja wiki ile, hata kule Kakanda aliendelea kungoja kwa miezi.

Alisukuma kipande cha karatasi mezani. "Tuma message yangu. Kiisha uende kwa Rosalie, urudie vile vile ulinisemea minye."

Clotilde aliutuma ujumbe mara moja, bila kurudia. Kisha alifunga phonie mchana kweupe, wateja wakimwuliza kulikoni, akashika njia ya kwa Rosalie. Alimkuta mlangoni amekaa chini, akipinda upindo wa gauni kwa mkono. Aliketi kando yake, akasema, "Mama Rosalie, ile neno ya Ngosa ni minye mwenyewe niliitosha inje."