Kidole Gumba cha Gleb

Rimma Vyatkina aliijua mikono ya Gleb Ostanin, mwenzake wa kuteleza kwa jozi kwenye barafu, kuliko alivyoijua ya mama yake. Tangu ana miaka kumi na miwili, mikono hiyo ilimnyanyua juu ya barafu ya ukumbi wa Perm, Urusi, kila siku isipokuwa Jumapili, na kila mara kidole gumba cha kulia kilitua pale pale, juu kidogo ya mfupa wa nyonga. Pana sugu hapo mpaka leo, naye sasa ni bibi mwenye wajukuu wawili.

Alipokuwa na miaka kumi na tisa, wiki tatu kabla ya mashindano ya taifa, kidole kikahama. Kilishuka upana wa vidole viwili. Mtu mwingine asingehisi. Rimma alihisi, na moyo ukampiga paa, maana wasichana wote pale waliamini kwamba mkono wa mwenzako ukihama, umezoea kiuno kingine.

Na kiuno chenyewe hakikuwa mbali. Palikuwa na Lika, binti wa miaka kumi na minne, kilo thelathini na saba pamoja na viatu vyake. Kila asubuhi mwalimu wao, Faina Arkadyevna, aliwapandisha wasichana kwenye mizani na kuzisoma kilo kwa sauti, wavulana wakisikia. Rimma alikuwa na kilo arobaini na sita.

Ukishaanza kushuku, kila kitu ni ushahidi. Gleb, ambaye hajawahi kujipaka manukato, akaanza kunukia kama kinyozi. Jioni alitokea mlango wa nyuma, pamoja na Lika.

"Unakwenda wapi na huyo?" Rimma alimuuliza.

"Kwao. Mama yake anapika pelmeni za nyama, we acha tu."

"Na mimi je?"

"Wewe na mizani ile? Hata kunusa huruhusiwi."

Zamani angecheka. Safari hii alijiambia kikulacho ki nguoni mwako, akaenda moja kwa moja kwa mwalimu.

"Faina Arkadyevna, Gleb ananyanyua mtu mwingine kwa siri."

"Nani kakwambia?"

"Kiuno changu."

Mwalimu hakucheka. "Unatakaje?"

"Aninyanyue mara kumi mfululizo, mbele yako. Utaona mwenyewe anavyonishika, kama vile nina kilo za Lika."

"Haya. Kesho."

Kesho yake Gleb alifika amenyoa ndevu vizuri. Mara sita zilipita salama. Ya saba mkono ukatetemeka, ya nane ukalegea Rimma akiwa juu kabisa. Wavulana wa pale, kabla hawajafundishwa kunyanyua, hufundishwa kuanguka: mwanamume ndiye wa kwanza kugusa barafu. Gleb alijipinda akaingia chini yake, na Rimma akaangukia kifua chake. Hakupata hata mchubuko. Lakini bega la Gleb alilisikia likiachia.

Walipomkata fulana wakakuta bendeji, na ngozi ya zambarau mpaka kwenye kiwiko. Chini ya manukato palinuka kafuri. Lika alikuwa analia kwa kwikwi.

"Mama alimkataza! Kila jioni anamchua, kila jioni anamwambia usinyanyue!"

Mama yake Lika alikuwa muuguzi. Kidole kilikuwa kimeshuka kwa sababu bega halikuweza tena kukifikisha mahali pake.

Rimma alipewa mwenza mwingine, akachukua medali ya shaba mara mbili, kisha akawa mwalimu. Gleb hakunyanyua mtu tena. Aliendesha mashine ya kulainisha barafu, pale pale, miaka arobaini, akimpungia Rimma mkono wa kushoto kila asubuhi. Alimletea matango aliyoyatia siki mwenyewe. Na Rimma aliyatazama matango yale kwa wasiwasi: anajua? Hajui? Mbona mwema hivi?

Msimu huu wa baridi uvumilivu ukamwisha. Alimfuata kwenye mashine.

"Gleb, ile siku ya mara kumi. Mimi ndiye niliyeomba."

"Najua. Faina aliniambia jioni ile ile. Akasema, kama una sababu ya kukataa, sema, nitalifuta jaribio."

Rimma alishika ukingo wa mashine. "Sasa mbona hukukataa, Gleb? Mbona?"

"Ningekataa, ungesema ni Lika kweli," Gleb alisema. "Na usingeniruhusu tena nikushike."