Hata Akiombwa

Mama Skafu hakuwahi kuhesabu kitu kikapita kumi na nane kwa raha. Alikuwa fundi cherehani, na vifungo vya nguo alivipanga kwa darzeni, kumi na mbili kumi na mbili. Mteja akitaka ishirini na nne alipewa mafungu mawili. Watu walidhani ni ustadi wa kazi. Mumewe, fundi saa mwenye ulimi wa utani, alisema ameoa mwanamke aliyetoroka shule kabla ya kumaliza namba. Mama Skafu alicheka naye, maana ndoa haijengwi kwa kununa, lakini ukweli hakumwambia hata siku moja. Ukweli ni kwamba akifika kumi na tisa, kuna mtoto huitika.

Jina hilo la Mama Skafu alilipata kikosini. Kwa miaka ishirini na mbili alikuwa kiongozi wa kujitolea wa skauti wa mtaa, na kila skafu iliyofungwa shingoni mwa mtoto pale ilipita kwenye cherehani yake. Kujitolea maana yake hulipwi hata nauli. Lawama tu ndizo hulipwa kwa wakati.

Kikosi kilihesabiana kwa sauti. Kila mtoto alikuwa na namba yake, filimbi ikilia, wa kwanza anapaza “moja!”, wa pili “mbili!”, mpaka wa mwisho. Mama Skafu aliipenda hesabu hiyo kuliko wimbo wowote. Miaka kumi na sita nyuma, siku ya kurudi kutoka kambi ya kando ya bwawa, aliwahesabu watoto getini. Walikuwa ishirini na nne, wakaitika ishirini na nne, naye akatia alama moja moja kwenye daftari. Wakatembea hatua kama mia tatu hadi kwenye lori. Akahesabu tena. Kumi na nane akaitika. Kisha kimya. Namba ishirini, mtoto wa kike mwembamba, alisimama mdomo wazi bila kutoa neno.

Kumi na tisa alikuwa mtoto wa kike wa miaka kumi na moja, mcheshi, mwenye sauti ya mkwaruzo kidogo. Kwa kuwa aliitika getini, alitafutwa kati ya geti na lori: mitaroni, vichakani, nyuma ya vibanda vya walinzi. Walitafuta mpaka jua likazama. Bwawani hakurudi mtu. Arudi kufanya nini, na mtoto ameitika? Kesho yake alipatikana majini, karibu na jiwe walipokuwa wakianika nguo, skafu ikiwa mkononi mwake.

Mama wa mtoto hakupiga kelele. Angepiga ingekuwa nafuu. Aliuliza swali moja tu: “Dada yangu, ulimwona, au ulimsikia?”

Mama Skafu alijibu kwamba alimsikia, kwa masikio yake mawili, na yuko tayari kuapa. Mama yule akatikisa kichwa polepole, akaingia ndani, akafunga mlango.

Tangu siku hiyo namba ile haikupewa mtoto mwingine. Watoto huhesabu mpaka kumi na nane, hunyamaza kwa pumzi moja, kisha huendelea na ishirini. Watoto wakubwa huwaambia wapya kwamba ukitega sikio vizuri utamsikia marehemu, na wiki hiyo magodoro ya mtaa mzima huanikwa juani. Mama Skafu hakuwa na haja ya kutega sikio. Kila yeye mwenyewe alipohesabu ngazi, vibanio vya nguo au mishono ya pindo, alimsikia. Aliwahi kujaribu kuruka, kumi na nane, ishirini, kama mtu anayevuka shimo. Sauti ikaja vilevile, na mkwaruzo wake.

Iliogofya, lakini aliing’ang’ania. Kama alimsikia, basi mtoto alifika getini, na yaliyofuata yalikuwa kudra. Kama hakumsikia, basi yeye ni mwanamke aliyehesabu watoto wa wenzake huku akitazama daftari. Kwa miaka kumi na sita alikuwa amesimama upande wa kwanza wa jambo hilo, na hakutaka mtu amsukume kwenda upande wa pili.

Aliyekuja kumsukuma alikuwa Sista.

Ilikuwa Jumamosi alasiri, darasani, viongozi wanne wamejibana kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu. Mwenyekiti alikuwa karani mstaafu wa posta, aliyeitwa Stempu kwa sababu karatasi haikupita mkononi mwake bila kugongwa mhuri. Kando yake Cheche, mchomelea mageti, mtu wa sauti kubwa na moyo mzuri, ingawa sauti ilikuwa kubwa zaidi. Wa mwisho na mdogo wao ni Sista, muuguzi wa zahanati, aliyelelewa na kikosi hichohicho. Enzi zile ndiye aliyekuwa namba ishirini. Sasa alikuwa amepewa kazi ya kuandika kanuni mpya, akaleta kurasa nane.

Soksi peke yake ziliwala dakika arobaini. Kisha kikaja kipengele cha kukataza visu vya kukunja.

“Mimi mtoto asiye na kisu simfundishi kamba,” alisema Cheche. “Akate na nini? Meno?”

“Kimepita kwa shingo upande,” alisema Stempu, akagonga mhuri. “Cha saba.” Akavaa miwani. “Hesabu ya sauti ifutwe. Kiongozi apite kwa kila mtoto, amshike bega, amtazame usoni, amwite kwa jina lake.”

“Hapana,” alisema Mama Skafu.

“Mama, hatujajadili bado.”

“Mimi nimeshajadili. Hesabu ya sauti inawafanya watoto wawe kitu kimoja. Nyinyi mnataka tuwapapase mabega kama mbuzi wa mnadani. Wakiwa arobaini tutamaliza lini?”

Cheche alicheka, akasema yuko na Mama Skafu, yeye mambo ya kupapasana hayataki. Sista hakucheka.

“Mama,” alisema, “sauti siyo mtoto.”

Mama Skafu alihisi masikio yanamchoma.

“Unataka kusema sikusikia?”

“Sisemi hivyo, mama. Mimi ni mtu wa mwisho kusema hivyo.”

Stempu, ambaye hakupenda ugomvi kwa kuwa haukuwa na fomu, aliharakisha kusoma sehemu iliyofuata. “Ni marufuku mtoto kumwitikia mwenzake, hata akiombwa.”

“Sasa hii ya nini?” alisema Cheche. “Nani amwitikie mwenzake? Mzee, futa hiyo, tunapoteza wino.”

Stempu akashika kalamu. Sista akaweka kiganja juu ya karatasi.

“Hiyo ibaki.”

“Kwa sababu gani, mwanangu?”

“Ibaki tu, mzee. Zote mkitaka zifuteni. Hiyo ibaki.”

Fundi wa nguo haangalii nguo kwa nje. Huigeuza ndani nje, atazame uzi ulipopita na ulipofungwa fundo. Mama Skafu aliyageuza maneno yale. Kukataza watoto wasiitikiane, mtu yeyote mwenye hadhari angeweza kulifikiria. Lakini hata akiombwa? Hayo hayakufikiriwa na mtu. Hayo yalikumbukwa. Akautazama mkono uliokuwa juu ya karatasi, mkono unaochoma watoto wachanga sindano bila kuyumba, akauona umeanza kuikunja karatasi.

Alitaka kusimama atoke. Alitaka asiwe amesoma kitu.

“Tupige kura,” alisema Stempu. “Wanaounga mkono kipengele cha saba, chote.”

Sista akanyoosha mkono. Kitambo kidogo, Mama Skafu naye akanyoosha.

“Mama Skafu!” alishangaa Cheche. “Si wewe uliyesema mbuzi wa mnadani sasa hivi?”

“Nimeghairi. Kwani kughairi kunahitaji kibali?”

Wawili kwa mmoja, maana mwenyekiti hapigi kura. Mhuri ukagonga. Cheche akaondoka akilalamika kuhusu wanawake na vikao, Stempu akafuata na karatasi zake kwapani. Wakabaki wawili wakirudisha madawati kwenye mistari.

“Alikuomba,” alisema Mama Skafu.

Sista akaketi. Hakukana.

“Aliisahau skafu kwenye jiwe. Aliogopa, mama. Siku ile ulisema asiye na skafu ataosha masufuria ya kambi nzima. Akaniambia, niitikie, nakuja sasa hivi. Na sisi tulikuwa tunaigana sauti kutwa. Nikaiga.”

“Na tulipokuwa tunachungulia mitaroni?”

“Nilisema moyoni atatokea. Halafu nikaona mnavyolia, nikaogopa. Halafu ikawa mwaka. Halafu ikawa miaka.”

Hasira ilimpanda Mama Skafu mpaka mkono ukainuka wenyewe. Jua lile lote, mtaro kwa mtaro, na mtoto yuko upande mwingine. Lakini aliyeketi mbele yake alikuwa amekunja mabega kama mtoto anayesubiri kofi, na mkono ukatua begani, ukabaki pale.

“Nafasi yake ilikuwa wazi pembeni yako,” alisema. “Pengo la mtu mzima kupita. Mimi nilikuwa naangalia daftari.”

“Najua. Nilikuwa nakutazama.” Sista alimwinulia uso uliolowa. “Nilisema, akiinua macho, nasema. Akiinua tu, nasema. Hukuinua, mama.”

Mlinzi wa shule akaja kutikisa funguo.

“Kesho tunakwenda kwa mamake,” alisema Mama Skafu.

“Atatufukuza.”

“Atufukuze. Aliniuliza swali, sijamjibu bado.”

Jumapili asubuhi alivaa mapema, akakaa mbele ya cherehani kumsubiri Sista. Mikono haikujua kukaa bure. Akavuta kopo la vifungo, akamimina mezani, akaanza kuvisogeza kimoja kimoja kwa kidole. Kumi na sita. Kumi na saba. Kumi na nane. Akajikaza, kama alivyojikaza miaka yote, akasogeza kingine.

Alisikia saa za mumewe zikigonga chumba cha pili. Alisikia jirani akifagia. Akavirudisha vifungo vyote, akaanza upya, polepole zaidi, kwa sauti, akakisogeza cha kumi na tisa na kukishikilia pale mezani kwa kidole, akingoja.

Mumewe alipopita mlangoni alimkuta amejiinamia, machozi yanadondoka juu ya vifungo, analia kama watu wanavyolia siku ya kwanza ya msiba.

“Mke wangu, kuna nini? Umefika ngapi leo?”

“Kumi na tisa,” alisema. “Hayupo. Mtoto hayupo.”