Magunia Yaliyomtesa Elieth

Mtabisha, najua. Mtasema mjomba kaanza tena. Lakini Kiswahili fasaha kiliwahi kumtesa mpwa wangu Elieth mbele ya mashine, hapahapa Dodoma, mchana kweupe.

Ilikuwa miaka ya ruksa, milango ya biashara ilipofunguliwa. Mitumba ilimiminika, na chama cha wakulima wa alizeti pale Makole kikapata mtumba wa aina yake: kompyuta kuukuu ya biti nane, inayokula disketi pana kama chapati. Elieth akaiandikia programu ya kuhesabu magunia ya ghalani. Ikabaki kazi ya kompaila, ile inayogeuza maandishi ya mtu yawe lugha ya mashine. Nayo ilikwenda kama punda mgonjwa. Chomeka disketi, ngoja, chomoa, chomeka nyingine, ngoja weee. Mwisho inatema yaleyale: jina limerudiwa.

"Limerudiwa wapi, shetani wewe?" Elieth alikiuliza kioo. Majina aliyozipa hesabu zake aliyaona mawili tofauti: maguniamazima na maguniamabovu.

Meneja, Mzee Yotham, akachungulia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Adhuhuri ikinikuta sina hesabu, binti, sanduku hilo linakwenda stoo, nawe unarudi kwenye taipureta. Hapa si sinema."

Elieth akafuta, akaandika upya, herufi kwa herufi. Jina limerudiwa! Akakizaba kofi kibao cha herufi. Machozi ya hasira yakamlenga. Miezi yote ile, arudi kugonga barua za watu?

Ndipo akakumbuka: kompaila ile husoma herufi nane za mwanzo tu, zilizobaki haizijui. Akahesabu kwa kidole. M-a-g-u-n-i-a-m. Yote mawili! Sisi hutanguliza gunia, sifa ikafuata nyuma. Kumbe mashine ilishiba kabla sifa haijafika mezani.

"Haya, tuseme kama mzungu mgeni," akafyonya. Akaandika mazimamagunia, na mabovumagunia. Kiswahili cha kutia aibu!

Disketi zikakoroma. Kimya. Hakuna lalamiko. Hesabu ikapanda kiooni, Mzee Yotham naye huyo mlangoni. Jamani! Mzee akapiga magoti, kengele za kanisa zikalia zenyewe, wakulima wakambeba Elieth juujuu mpaka mtaa wa Area D, na mbele yao mimi, mwalimu wake wa kompyuta, nime—

"Mjomba!" Elieth mwenyewe akanikatiza. "Mzee alisema 'haya' tu, akaibeba ile taipureta akaondoka nayo. Na wewe siku hiyo ulikuwa kijijini Busi!"