Enda kwa Kihaya ni Tumbo

Kwa Kihaya, enda ni tumbo. Ndiyo maana shangazi yangu aliponisindikiza hospitali mjini Bukoba, akaninyooshea kidole na kusema, "Dokta, enda! Enda!", daktari, mgeni kutoka Dodoma, alinyanyuka kitini akauliza, "Niende wapi, mama?"

Nilicheka mpaka tumbo lenyewe likaniuma.

Nilikuwa nikiharisha damu tangu nilipopakua dagaa kwenye mwalo mmoja wa wavuvi huko Muleba. Sote tulikunywa maji ya ziwa. Wenzangu walimeza vidonge wakapona. Mimi damu ilikauka, ikarudi, ikakauka, ikarudi. Shangazi, niliyelala kwake mtaani Hamugembe, alishakata shauri kwamba chanzo ni uzururaji wangu. Shule nimeikimbia, nyumba sina, leo napakia ndizi Kitendaguro, kesho sionekani. "Tumbo limechoka kuzururishwa," alisema. Dawa yake ilikuwa nikae kwake, nipalilie migomba hadi nizeeke.

Daktari alinipima kwa mpira wenye kamera. Akasema utumbo una uvimbe sugu: kinga ya mwili wangu inaushambulia utumbo wangu mwenyewe.

"Nani aliichokoza?" niliuliza. "Bakteria wa mwaloni?"

"Huenda."

"Huenda ndiyo au huenda hapana?"

Akatabasamu. "Shule uliacha ya nini wewe? Kuna watu huanza hivyo. Bakteria anaingia, anapigwa, anatoka, lakini kinga inaendelea kupiga. Wengine wamezaliwa na mwili wenye mwelekeo huo. Kwako siwezi kuapa."

"Na kuzurura je?"

"Kuzurura si ugonjwa. Maji machafu ungeweza kuyanywa hata nyumbani."

Nikamgeukia shangazi. "Umesikia?"

"Nimesikia huenda," alijibu.

Sikubali kufungwa kwa huenda. Kama waliosoma bado wanamtafuta mshtakiwa, miguu yangu isikamatwe badala yake. Dawa nameza, hata siku ambazo sioni damu. Kliniki narudi. Maji nachemsha, na sufuria haiulizi kama iko Hamugembe au mwaloni. Wapakuaji wakinicheka kwamba nakunywa chai isiyo na majani, nacheka nao na kunywa.

Asubuhi niliyoondoka kurudi Muleba, shangazi alisimama mgombani, jembe mkononi.

"Enda!" alipaza sauti, akijishika tumbo lake kunikumbusha langu.

Nikaisikia kwa Kiswahili.