Krenki Iliyovunjika Shingoni

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, hakuwa mlevi. Naandika hivi kwa sababu kwa mwezi mzima mimi mwenyewe nilimdhania hivyo.

Alichonga krenki kwa miaka thelathini katika karakana yenye jina letu mlangoni. Krenki ni kile chuma kizito chenye viwiko ndani ya injini: pistoni hupanda na kushuka, nacho hugeuza mapigo hayo kuwa mzunguko. Shingo zake zikilika, huletwa kwetu zisuguliwe upya kwa jiwe la mashine. Wateja walimwita Unywele, maana vipimo vyake havikupotoka hata kwa unene wa unywele.

Kisha akaanza kutoweka kila Jumanne saa nne asubuhi. Droo yake akaitia kufuli.

"Natoka kidogo, shemeji."

Kidogo gani cha saa tatu nzima? Wifi yangu akaninong'oneza: "Mtu mzima akitoroka mchana, ni chupa au mwanamke." Aliporudi nikamnusa kijanja. Oili tupu. Sikutulia.

Siku moja mwenye mashine ya kusaga nafaka akatubwagia krenki mezani, vipande viwili.

"Mama, wiki mbili tu! Siku hizi mnachonga kwa meno?"

Mafundi wakacheka. Nikajikaza. "Oili uliiangalia lini?" nikamuuliza, lakini jicho langu lilikuwa kwa shemeji.

Mteja akalegeza sauti. "Pengine ilipungua..."

Shemeji alishika kipande, akapitisha ukucha pale shingo inapokutana na kiwiko. Hapo fundi huacha mviringo mdogo. Pakiwa na pembe kali, ufa huanzia hapo. Ukucha ukakwama.

"Si oili," akaniambia sikioni. "Ni mkono wangu."

"Nyamaza wewe!" nikamnong'oneza.

"Shemeji, kona za jiwe la mashine sikuziviringisha sawasawa. Sikuziona." Akafungua droo, akatoa kadi ya kliniki ya macho, tarehe zote za Jumanne, na miwani mipya. "Niliona haya. Unywele avae miwani?"

Mteja hakuyasikia hayo; alikuwa ameshajilaumu mwenyewe. Ningeweza kumwacha aende hivyo hivyo. Jina letu lingebaki safi, na mimi ningejua lilivyosafishwa.

"Kosa ni letu," nikamwambia. "Tunakuchongea nyingine."

Shemeji akavaa miwani, akawasha mashine. Nikavuta kiti, nikakaa karibu. Tangu siku ile hakuna krenki iliyotoka pale bila fundi wa pili kuikagua, na shemeji hakuwahi kuniuliza sababu.